Siku Nilipompa Kapteni Kaka Asiyekuwa Wake

Jamani, aibu hii nimeikalia kimya muda mrefu, na ninaitoa leo kwa sababu moja tu, nimesikia Wambui ameshaanza kuisimulia huko Baltimore kwa namna yake, na katika simulizi ya Wambui mimi naiangukia televisheni, jambo ambalo si kweli hata kidogo, mimi niliangukia meza ya sambusa. Kwa hiyo kaeni niwaambie mwenyewe, mnicheke mkiwa na habari kamili.

Wale mlionifahamu Gaithersburg, kule Marekani, miaka ile ya mwisho mwisho ya tisini mnajua kwamba siku za kazi nilikuwa mtu wa kawaida tu wa maabara ya hospitali, nagombana na foleni ya barabara ya 270 kama kila mtu, lakini Jumapili alasiri nilikuwa na cheo. Chini ya jengo letu kulikuwa na ukumbi wa wapangaji (ule wenye zulia la rangi ya uji, na televisheni kubwa juu ya meza ya magurudumu), na humo walikusanyika kina mama walioletwa na watoto wao kutoka nyumbani, wengi wamekuja kulea wajukuu, wiki nzima wamefungiwa ndani na kichanga na baridi, Kiingereza hawakijui, na mimi Rehema ndiye niliyekuwa nawatafsiria filamu. Filamu zenyewe si za ngumi. Walizipenda zile za Waingereza wa zamani, za magauni marefu na farasi, kwa sababu, kama alivyosema Bi Salma, ndizo pekee za Kizungu ambazo mtu akimtaka binti anakwenda kwanza kwa wazee wake.

Nilikuwa nakaa mbele, ubavuni mwa televisheni, rimoti mapajani, nami kazi ile niliipenda kupita kiasi. Nilijifunza kwa shangazi yangu Tanga, ambaye alikuwa akitueleza sinema za Kihindi kuanzia mwanzo hadi mwisho, nani kamdhulumu nani na kwa nini yule mama analia, na shangazi yangu Kihindi hakukijua hata neno moja, na hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Sasa kulikuwa na kitabu. Nilikisoma shuleni, bwenini, nikakisoma tena na tena, habari za Kapteni Hallam, ofisa wa meli za kivita anayerudi kutoka vitani, na binti mmoja mpole anayeitwa Constance. Nakala ya maktaba yetu ilikuwa imechanwa sura za mwisho, lakini mimi hilo halikunishinda, nikakimalizia mwenyewe: nikamwozesha Kapteni kwa Constance, harusi ya siku saba, na nikawasimulia wasichana wenzangu kwa uhakika mpaka na mimi nikaamini ndivyo kilivyoandikwa. (Msicheke. Kuna mchumba nilimkataa kwa sababu hakuwa na mabega ya Kapteni, na leo ana maduka mawili.)

Mwenye kuniletea habari kwamba kitabu kile kimetengenezwa filamu, na mkanda tayari unakodishwa, alikuwa Idrisa. Idrisa ni kijana wa Tanga mwenzangu, fundi wa kompyuta kule Herndon, mpole, na Bi Salma ni mama yake mzazi. Bi Salma yeye hakuja kulea mjukuu. Alikuja kuangalia kwa nini hakuna mjukuu. Kila Jumapili Idrisa alimleta mama yake kwetu kwa gari, pamoja na Darnell, Mmarekani mweusi, mwalimu wa historia, aliyekisoma Kiswahili chuoni na kukisema kwa usafi uliotutia sisi aibu, mtu wa kusema "je, ungependa nikuongezee chai, mama?" wakati sisi tunasema "chai hiyo." Tulimwita mwenzie wa nyumba, na hakuna hata mmoja wetu aliyejisumbua kuuliza zaidi.

Hapa naomba niwaambie kitu ambacho mimi siku ile sikukijua, ili muone vizuri nilivyokuwa mjinga. Idrisa na Darnell walikuwa wanapendana, kama mtu na mkewe, miaka. Bi Salma alikuwa anarudi Tanga wiki ile ile, na Idrisa alikuwa ameapa kwamba safari hii mama haondoki bila kuujua ukweli, ila kila akifungua kinywa kinatoka kitu kingine, "mama, umeshaswali?", "mama, nikuletee maji?" Filamu ile alikuwa ameshaiona. Aliichagua makusudi, akakusudia mama aione, ailie kama anavyozililia nyingine zote, halafu njiani wakirudi amwambie.

Basi aliponikabidhi mkanda akaniambia, "Dada Rehema, leo utafsiri neno kwa neno, nakuomba, mama aelewe kila kitu." Mimi nikadhani ananisifia. Hata kuuangalia kwanza sikuuangalia, mtu aliyekijua kitabu kwa moyo aangalie nini?

Mwanzo mambo yakaenda murua. Kapteni alipoteremka melini ukumbi mzima ulivuta pumzi, nikajisikia kama mimi ndiye niliyemzaa. Konstansi (kina mama walishamswahilisha jina) akatokea na kofia yake, nikawaambia mwangalieni vizuri huyo, huyo ndiye. Mama Bahati, mama mmoja wa Bukavu anayeimba kwaya na anayezungumza na televisheni kama vile inamsikia, akamwambia Kapteni, "Fanya mbio, papa, mutoto muzuri huyu!"

Halafu tukafika zizini. Mvua inanyesha, farasi wanatafuna, Kapteni yuko na rafiki yake Daktari Merrow, na daktari anamuuliza kwa nini hampeleki posa Konstansi wakati mji mzima unasubiri. Kapteni akasema, kwa Kiingereza cha polepole ambacho hata mgeni wa jana angekielewa, kwamba atamposaje binti wa watu wakati moyo wake uko kwake yeye daktari, tangu walipokuwa melini pamoja.

Nikajiambia nimesikia vibaya. Kapteni, kana kwamba ananijua, akamshika daktari mkono akarudia.

"Kasemaje?" akauliza Bi Salma.

Jamani, ukumbi wote unanitazama. Huku tasbihi, huku rozari, mama wa watu kashika sambusa haijafika mdomoni. Niliogopa, ndiyo, nakiri, lakini nisijisingizie heshima tupu, nusu ya nilichofanya ilikuwa wivu. Kapteni nilimtunzia mke mwema tangu nina miaka kumi na sita, leo anakwenda kunifanyia hivi mbele za watu? Nikafungua kinywa.

"Anasema hawezi kuoa kwanza, kwa sababu daktari ndiye kaka yake mkubwa, na kaka mkubwa bado hajaoa."

"Kaka yake? Mbona mmoja ana nywele nyeusi na mwingine nyekundu?"

"Wamenyonya ziwa moja," nikasema.

Aaaah! Ukumbi mzima. Hilo liliwaingia moja kwa moja, hakuna aliyehitaji maelezo. Bi Salma akatikisa kichwa kwa kuridhika, "Umeona kijana aliyelelewa? Hampiti kaka yake." Na Mama Bahati, "Voilà! Iko na heshima huyu. Sasa batafutie munganga bibi, mambo iishe!"

Ningekuwa na akili ningeumwa kichwa palepale, nizime, twende nyumbani. Lakini nilishapigiwa makofi, na mimi nikipigiwa makofi akili hutoka. Nikaendelea. Daktari akapata homa, Kapteni akakesha kitandani kwake anampangusa paji la uso, kina mama wakalia, "Ndugu kama huyu utampata wapi siku hizi?" Wale wawili wakaambiana maneno matatu, mimi nikatoa hotuba ya mahari. Kina mama wakaanza kumchagulia daktari mke, wakakubaliana apewe mpishi mjane, mnene, mcheshi, na kila mpishi alipopita nyuma na sinia lake wakampigia vigelegele, naye masikini hana habari.

Mara Bi Salma akageuka kwenye kiti chake.

"Idrisa! Kumbe ndiyo maana!"

"Nini, mama?"

"Kumbe ndiyo maana huoi. Unamngoja huyu!" Akamnyooshea Darnell kidole. "Huyu si mkubwa kwako? Si mnakaa nyumba moja kama ndugu? Ah, mwanangu, mbona hukuniambia, mimi miaka yote nasema labda kuna jicho la mtu."

Nilimwona Idrisa uso unamshuka. Wambui naye (Mkenya, jirani yangu wa mlango wa pili, aliyeingia dakika ile ile akifuata vigelegele, ambaye hajawahi kuona shughuli akaipita) akaruka, "Si mngesema tu! Niko na cuzo yangu, msichana wa uncle, Baltimore, ni nurse, ana gari yake, hana maneno mingi. Darnell, unapenda mrefu ama mfupi?"

"Asante sana, dada," Darnell akasema, jasho linamtoka. "Je, ninaweza kulifikiria jambo hili kwanza?"

"Ufikirie nini?" Bi Salma akasema. "Wewe oa mwezi huu, Idrisa mwezi ujao. Mimi nikifika Tanga sivui hata viatu, napeleka posa kwa kina Mwanahamisi, baba yake ananisubiri tangu mwaka juzi. Bora hata nimpigie simu jioni hii, nimpe neno langu." Na Bi Salma si mtu wa mchezo, akitoa neno katoa, na kule kwetu neno kama hilo likishafika kwa wazee wa binti, binti anafungiwa milango mingine yote, anakaa anamngoja mtu wa Amerika.

Idrisa akasimama, akaja mbele, akainama sikioni kwangu. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Dada Rehema, nakuomba, mwambie wanachosema. Kwa nini humwambii wanachosema?"

"Kaa chini," nikamnong'oneza, najiona shujaa. "Nawaepusha na aibu."

"Aibu ya nani?" akaniuliza, akarudi kukaa.

Sikumwelewa. Nawaapia sikumwelewa, nilikuwa na shughuli, maana kule kwenye filamu Konstansi, Konstansi wangu, alikuwa ameshawapa wale wawili baraka zake kwa mikono miwili na anapanda gari la farasi anaondoka zake. Nikapiga kelele, "No!" kwa Kiingereza, na kabla sijameza mate Kapteni akamshika daktari mashavu akambusu.

Nikabonyeza rimoti izime. Haikuzima, ilisimama. Busu likaganda pale, kubwa, katikati ya ukumbi, na mistari myeupe inatetemeka juu yake. Nikabonyeza kingine, mkanda ukarudi nyuma, wakaachana, wakaachana zaidi, nikashukuru Mungu, nikaachia kidole, deki ikaanza kucheza upya, wakabusiana tena mara ya pili kama hawajatosheka. Nikaligandisha tena. Nikainuka nikachomoe waya kwa mkono, guu likanasa kwenye waya huo huo, nikaenda na meza ya sambusa, na bakuli la chatine likanifuata.

Nilipoinuka, chatine ya nazi inanichuruzika begani, wale wawili walikuwa bado pale pale.

"Rehema," Bi Salma akasema taratibu. "Tafsiri."

"Hawajasema kitu, mama."

"Tafsiri walichofanya."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Ni salamu. Mabaharia wa zamani wa Uingereza walikuwa wakisalimiana hivyo."

Halafu Mama Bahati akasema, "Mimi baba yangu alikuwa baharia ya Lac Tanganyika. Hata siku moja hakusalimia mutu vile."

Hapo Darnell akanyoosha mkono, kama yuko darasani. "Samahani sana, Bi Rehema. Kwa heshima zote, hakuna mahali waliposema kuwa ni ndugu."

Ningeweza kuomba radhi. Nikaona bora nigombane. "Basi filamu ndiyo iliyoharibu! Kitabuni anamwoa Constance, mimi nimekisoma!"

"Hapana, dada. Kitabuni pia hakuna harusi. Mwishoni wanahamia pamoja katika nyumba ndogo pwani, wanafuga nyuki. Mwandishi hakulitaja jambo lenyewe kwa jina, lakini ndivyo kinavyoisha."

Nyuki! Nimesimama mbele ya wazazi wa watu, nanuka nazi, naambiwa harusi niliyoibeba ujana wangu wote niliipika mwenyewe. Nikaanza kuokota sambusa.

"Daneli," Bi Salma akaita. "Njoo ukae hapa. Wewe ndiye utakayenitafsiria. Kiingereza ni chenu."

Darnell akamtazama Idrisa. Idrisa akaitikia kwa kichwa. Darnell akachukua rimoti, akarudisha mkanda mpaka zizini, mvua ikanyesha tena, farasi wakatafuna tena, na safari hii hakuna mtu aliyezungumza na televisheni.

"Anasema," akaanza, kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi, "anasema, nitamposaje binti wa watu, wakati moyo wangu uko kwako? Umekuwa kwako tangu tulipokuwa melini. Anasema, mimi sijui kuishi katika nyumba ambayo wewe humo."

Mwisho pale alilazimika kurudia. Idrisa alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani, na hakuuondoa. Bi Salma hakuwa anaitazama televisheni. Alikuwa anautazama ule mkono, nami nilikuwa nimepiga magoti zuliani na sambusa mbili za vumbi, na ndipo hapo, wenzangu, ndipo hapo tu nilipoelewa nilichokuwa nakifanya mchana kutwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mama yake huyo Kapteni yuko wapi?" Bi Salma akauliza.

"Hayumo, mama," Darnell akajibu.

"Kafa?"

"Hawakumtaja."

"Wangemweka," akasema. "Jambo kubwa namna hii, wanamwachaje mama nje?"

Idrisa akaita, "Mama."

"Nyamaza kwanza. Nisikufiche, sikulipenda. Sikulipenda, na sijui nitasimama vipi mbele ya Mola wangu, wala watu wa kwetu nitawaambia nini. Lakini huyu mtoto wa watu kaniambia lilivyo. Aliyenichezea ni Rehema, niliyeazima masikio yake." Hapo alinitazama, na nawaambia, bora angenizaba kibao. "Posa sipeleki. Mwanahamisi na yeye ana mama yake, haiwezekani akae amngoje asiyekuja. Twendeni nyumbani, nimechoka."

Akasimama. Darnell alikimbilia koti lake, akaja nalo, akasimama nalo hajui alitoe au asilitoe. Bi Salma akamwangalia sana usoni. Kisha akamgeuzia mgongo, akarudisha mikono nyuma, akasubiri avalishwe.

Walipoondoka Wambui alisema atanisaidia kufua ile blauzi, wema ambao leo nauelewa kuwa ulikuwa wa kukusanya habari. Idrisa nilimpigia simu siku nyingi bila kujibiwa. Alipojibu nikalia mimi badala yake, na yeye ndiye aliyenibembeleza, akasema, "Dada, mimi mwenyewe miaka yote nilikuwa namtafsiria mama maisha yangu kama ulivyofanya wewe. Sikupata hata makofi." Nikacheka katikati ya machozi, akanisamehe, ingawa filamu akanikataza kabisa, na mimi nilikuwa nimeshajikataza. Tangu siku ile mtu akitaka nimtafsirie, hata kwa daktari wa meno, namwambia kabisa, nitasema kilichosemwa, ukiumia gombana na aliyesema.

Idd iliyofuata wakatualika Herndon. Nilikuwa jikoni na Mama Bahati tunapakua pilau, simu ya ukutani ikalia, nikapokea, na nilipoisikia sauti ya Bi Salma nikaweka mwiko chini.

"Shikamoo, mama. Ni mimi Rehema. Idd mubarak."

"Marahaba, na wewe pia. Idrisa nimeshaongea naye asubuhi. Nipe yule mwingine, mwenyewe, wewe utanigeuzia maneno."

Nikamwita Darnell. Akaja anafuta mikono kwenye suruali, akashika simu kwa mikono miwili, akasimama wima kabisa. "Shikamoo, mama," akasema. Halafu anasikiliza tu. Halafu, "Ndiyo, mama." Halafu, "Nimekula, mama. Na yeye amekula."

Mama Bahati akanigusa kwa kiwiko. "Anamwambia nini?"

"Muulize mwenyewe akimaliza," nikamwambia. "Mimi kazi hiyo niliacha."